Ngano Iliingilia Wapi

Kuna swali lililoninyima usingizi tangu nikiwa msichana mdogo, na mara nyingi lilikuja pamoja na harufu ya mkate. Nilipokuwa nasoma Dar es Salaam, wapishi wa bweni walifungua tanuri alfajiri, harufu ikapanda ngazi hadi chumbani kwetu, wenzangu wakajifunika shuka na kuendelea kulala, mimi nikabaki macho wazi nikijiuliza: je, shangazi Chilufya alimpa mdogo wangu mkate kwa siri, au hakumpa? Mdogo wangu alikuwa amekwisha kufa zamani. Shangazi alikuwa amefukuzwa kwetu kwa ajili ya swali hilohilo, na nyumbani hakuna aliyelitaja tena. Lakini mimi nikilishika jambo siliachi mpaka nimelitazama kutoka kila upande, na nikimaliza naanza upya, na hili sikuwahi kulimaliza. Kama alimpa, basi tulimfukuza kwa haki. Kama hakumpa, basi ngano ilikuwa na mlango mwingine wa kuingilia nyumbani mwetu, na sisi tulikaa mbele ya mlango huo tukimtazama mtu mwingine.

Nyumbani kwetu ni Nchelenge, kwenye ufukwe wa ziwa Mweru, na wakati ninaousema ni katikati ya miaka ya hamsini, kabla ya bendera mpya ya uhuru. Mama yangu alikuwa mwoka mikate. Tanuri lake lilikuwa kichuguu. Nyuma ya nyumba palisimama kichuguu kikubwa kilichohamwa na mchwa, kigumu kama tofali, naye alikichimba kwa jembe na shoka mpaka kikawa na tumbo na mdomo. Aliwasha moto ndani yake, akauacha uteketeze kuni mpaka kuta zikabadilika rangi, kisha akakomba makaa, akafagia majivu kwa matawi mabichi, akapanga makopo yenye unga uliokandwa na kuziba mdomo kwa bati na udongo. Hamira yake ilikuwa machicha ya pombe ya ulezi. Harufu iliyotoka humo ilikuwa ya mkate na ya udongo uliochomwa, na ya pombe kwa mbali, ikichanganyika na harufu ya samaki waliokaushwa kwenye vichanja kando ya maji, nami sijaipata tena mahali popote. Ngano ilitoka ng'ambo, upande wa Kongo, ndani ya magunia meupe ya kitambaa. Ililetwa na wachuuzi waliokuja soko la Kashikishi kununua samaki wa kupeleka migodini, na wachuuzi haohao ndio waliotaka mkate na chai kabla ya kuvuka tena. Mama alizungumza nao kwa Kiswahili cha sokoni. Nyumbani tulisema Kibemba. Kiswahili nilikidhani ni lugha ya mkate na samaki tu, mpaka nilipokwenda mbali nikakikuta vitabuni.

Nyumba yetu haikuwa na watu wengi. Baba alikuwa mvuvi, na majuma mengi aliishi kambini kisiwani Kilwa, kisiwa cha ziwa hilohilo na si Kilwa ya pwani, akirudi na nyavu za kushona na miguu iliyopasuka. Nilikuwepo mimi, niliyekuwa bado sijaanza shule. Alikuwepo Kunda, mdogo wangu wa kike. Na alikuwepo shangazi Chilufya, dada yake baba, aliyetoka Chienge kuja kumsaidia mama baada ya kufiwa na mumewe. Sisi watoto tulimwita mayosenge, ndivyo anavyoitwa kwetu dada wa baba, na mama alimwita mulamu, kama wifi anavyomwita wifi. Alikuwa mnene, mwenye sauti nzito, na hakuona haya kupenda chakula. Kila tanuri lilipofunguliwa aliketi karibu, mikono magotini, akitazama makopo yanavyotoka.

"Mulamu, huu umeungua," alikuwa akisema. "Hauna mnunuzi. Nipe mimi niuzike kwa heshima."

"Tangu ulipokuja kila siku mmoja unaungua," mama alimjibu. "Sijui tanuri limeanza kukupenda lini."

Walipendana wale wawili. Nasema hivyo kwa sababu waliosikia habari hii baadaye walidhani walikuwa maadui tangu mwanzo, kama wanavyodhaniwa mawifi, na haikuwa hivyo. Shangazi alimsuka mama nywele kila Jumamosi kwa ajili ya kanisa. Mama alimwekea shangazi kichwa cha kambale, ambacho kwetu hapewi mtu hivihivi.

Katika mstari wetu wa nyumba wanawake kadhaa walimsaidia mama kukanda na kubeba mikate hadi Kashikishi. Mkubwa wao alikuwa Bana Mwape, yaani mama yake Mwape, jirani wa mlango wa pili, mwanamke mwembamba mwenye kicheko cha haraka. Malipo yao yalikuwa unga wa ngano, vikombe vichache kila mwisho wa juma. Na zaidi ya unga, mama aliwaazima kikapu chake, ambacho kilisifiwa mstari mzima. Kilisukwa kisiwani Kilwa, na kilibana hata unga haukuvuja. Kwetu kikapu cha mtu hakirudishwi kitupu. Aliyekiazima hutia chochote alichonacho, karanga au unga wa muhogo au samaki wadogo, na mwenye kikapu hukipokea kwa mikono miwili bila kutazama ndani, kwa maana kutazama ni kupima shukrani ya mwenzako. Hugeuka, akamimina kilichomo mahali pake, kisha akaning'iniza kikapu. Niliona mama akifanya hivyo mara nyingi sana, kama vile nilivyomwona akipumua.

Kunda aliachishwa ziwa kwa mkate. Mama aliona fahari kwa hilo, kwa sababu watoto wengine waliachishwa kwa uji wa muhogo. Alilowesha sehemu laini ya mkate ndani ya chai, akaibonyeza kwa vidole, akamlisha. Kabla msimu haujageuka tumbo la mtoto likavimba, mapaja yakakauka, ngozi ya makalio ikaning'inia kama nguo ya mtu mwingine. Choo chake kilikuwa kingi, chenye rangi ya majivu, na harufu yake ilitutia hofu. Akaacha kucheza. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni, na ninachokumbuka kuliko yote ni jinsi alivyozidi kuwa mwepesi huku tumbo lake likinisukuma mgongoni kama mtungi. Hakulia kwa sauti. Alinuna tu, akisugua shavu lake begani pangu, na nilipomwimbia alinyamaza kwa namna ya mtu mzima anayekuvumilia.

Mama alimpeleka kwenye zahanati ya misheni. Mwuguzi wa hapo alikuwa mtawa tuliyemwita Sista Klara, mwanamke mrefu mwenye uso mwekundu, aliyewahi kufanya kazi ng'ambo, hivyo yeye na mama walielewana kwa Kiswahili kilekile cha sokoni, kinachosema batoto kwa watoto. Alikuwa ametoka likizo kwao Ulaya. Alimvua Kunda nguo, akamtazama tumbo na makalio, akauliza mtoto anakula nini, na mama alipotaja mkate Sista akaweka kalamu chini. Alisema kule kwao wakati wa vita mkate ulikosekana, na watoto wagonjwa wa namna hii wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Madaktari wakatambua kwamba ni ngano inayowaumiza.

"Huyu mutoto usimupe mukate tena," alisema. "Mukate, bunga ya ngano, kitu chochote cha ngano. Muhogo, samaki, ndizi, karanga, ile yote ni muzuri."

Mama alicheka kidogo, kama mtu anayesikia utani asiouelewa. "Sista, batoto ya bazungu banakula mukate kila siku."

"Bengi, ndiyo. Lakini kuko bengine mukate inabaua."

Njiani kurudi mama alitembea akitazama mikono yake. Nadhani alikuwa akihesabu moyoni matonge yote aliyomlisha kwa vidole vyake. Tangu siku hiyo Kunda hakupewa mkate. Alikula ugali wa muhogo, perege wa kuchemsha na ndizi alizoletewa na baba kutoka safarini. Tumbo likapungua. Siku moja alishuka mgongoni mwangu mwenyewe, akaenda hadi kwenye kivuli cha nyumba, akaokota jiwe na kulitupa kwa kuku. Mama alikuwa akikanda. Alisimama na mikono yake iliyojaa unga akamtazama, na shangazi akasema, "Kuku huyo apewe zawadi." Tulicheka sote. Majuma yale yalikuwa mazuri kuliko yote niliyoishi katika nyumba ile, na labda ndiyo sababu yaliyofuata yalituumiza hivyo.

Ugonjwa ulirudi polepole. Kwanza choo, kisha kununa, kisha tumbo. Mama alirudi kwa Sista akaapa kwamba mtoto hajaonja mkate. Sista alimwamini, lakini hakuacha kusema lile alilojua. "Mama, ngano inaingia tu bado. Iko mahali. Utafute, hata kama ni vumbi tu."

Basi mama akatafuta. Sijaona tena mtu akitafuta kitu kama yeye. Alitazama kinu, ambacho tulitwangia muhogo na ambamo wanawake waliwahi kuponda ngano iliyoganda, akakichoma ndani kwa makaa na kukikwangua mpaka kikabaki chembamba. Alitupa chekecheo la zamani akasuka jipya la unga wa muhogo peke yake. Alibadilisha chungu cha Kunda, mwiko wake na kata ya maji. Mafuta yaliyokaangiwa maandazi hayakukaangiwa tena samaki wake. Mkeka wa kuanikia muhogo ulihamishwa mbali na mahali tulipokung'uta magunia. Hata kikapu alikiosha ziwani, akakianika juani, na kilipokauka akamwazima tena aliyekuwa akikingoja. Mimi nilikatazwa kumshusha Kunda mahali palipo na watoto wanaokula. Na bado hali haikubadilika. Mwishowe mama akaamua jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: aliacha kuoka. Alimkabidhi Bana Mwape tanuri, makopo na magunia yaliyobaki, akasema ngano isikanyage tena uani kwake. Wanawake wa mstari walishukuru sana, kila mmoja kwa njia aliyoijua, kwa kuwa sasa faida ya mkate ilikuwa yao. Ajabu ni kwamba baada ya hapo ndipo Kunda alipozidi kuugua.

Nyumba isiyo na ngano, na mtoto anayeugua kwa ngano. Watu walianza kusema kwamba ugonjwa huu haukuwa wa Sista. Wengine walisema una mkono wa mtu. Mama hakuwa mwepesi wa kuamini hayo, lakini alikuwa amekwisha kutazama kila chombo, na mtu akimaliza vyombo huanza kutazama watu. Shangazi alikuwa bado anapenda mkate. Alikwenda kuula kwa Bana Mwape, akirudi akipangusa midomo. Siku moja mchana mama alikuwa akifua, akafungua fundo la kitenge cha shangazi, na ndani yake mkawa na ganda la mkate. Nilikuwa nimeketi mlangoni na Kunda mapajani.

"Hiki ni nini, mulamu?"

"Ganda la mkate. Unalijua kuliko mimi."

"Ndani ya nyumba yangu? Na mtoto yuko hivi?"

"Nilikuwa nakula njiani, nikasahau kulimaliza," shangazi alisema. "Hilo peke yake lingekushangaza."

Mama hakucheka. "Unampa."

"Nampa nani?"

"Kunda. Unampa, unajiambia kidogo hakidhuru."

Shangazi alimtazama muda mrefu. Utani ulikuwa umemtoka usoni, na sikuwahi kuuona uso wake bila utani. "Ungeniuliza ningekujibu," alisema. "Hukuniuliza. Umepekua nguo yangu."

"Basi nakuuliza."

"Sasa haina maana."

Nimeyarudia maneno hayo maisha yangu yote. Kwa nini hakusema tu kwamba hakumpa? Nikiwa Dar es Salaam nilifikiri wakati mwingine kwamba kukataa kwake kujibu kulikuwa ndiyo jibu. Wakati mwingine niliona ni kiburi cha mtu asiye na hatia. Nilikuwepo, nilikuwa na masikio, nami sikuweza kujua. Majirani waliokuwa nje ya ua walisikia pia, na hadi jua linatua mstari mzima ulijua kwamba mkate umekutwa kwa shangazi. Baba aliporudi kutoka Kilwa alikuta neno limekwisha kuiva. Alimpenda dada yake. Alikaa naye kando ya mitumbwi, na nilichosikia nilipowapelekea maji ni hiki tu: "Nenda Chienge upumzike. Mtoto akipona tutakuita." Shangazi alifunga mzigo wake, akapanda lori la samaki. Alipomuaga Kunda alimshika mguu, si mkono, akaushikilia kidogo.

Mtoto hakupona. Hilo lingetosha kumsafisha shangazi, lakini watu walisema aliacha kitu nyuma yake, na mama, ambaye siku za kawaida angewacheka, alichimba kizingiti cha mlango akitafuta. Sista alikuja nyumbani kwa miguu. Alitazama chungu, akanusa mwiko, akashika unga wa muhogo katika mtungi akautazama kwenye mwanga hafifu wa jikoni, akarudisha kifuniko. "Nitafute wapi tena?" mama alimwuliza, na Sista akafungua tena kifuniko cha chungu. Kisha surua ikapita ufukweni katika miezi ya joto kabla ya mvua. Watoto wengi waliugua wakainuka. Kunda hakuwa na kitu cha kuinukia.

Msibani wanawake waliketi chini nyumbani mwetu, wamejaa ukuta kwa ukuta, juu ya mikeka. Shangazi aliwasili kwa lori kutoka Chienge, kichwa kimefungwa kitambaa, akaingia akilia. Hakuna aliyemkemea. Hakuna aliyesogea pia. Alisimama pale katikati akitafuta nafasi, na kila aliyekutana naye macho aliangalia chini, na hakuna aliyevuta mguu wake ili mkeka ubaki wazi. Akalia amesimama. Mama alikuwa amelala chini ubavu, nadhani alimwona. Shangazi akatoka nje akasimama karibu na tanuri, na kabla jeneza halijainuliwa lori likapiga honi, akaondoka nalo. Baba hakwenda tena Chienge mpaka alipokufa mwenyewe.

Mwaka huu nimemaliza masomo nikarudi Nchelenge kungoja kazi. Bendera ni yetu sasa. Zahanati imekuwa hospitali, Sista alirudi kwao zamani, na Kashikishi mkate unauzwa katika kila kibanda, umefungwa kwa karatasi, umetoka kwenye mashine mjini, na hakuna anayeuona wa ajabu. Kwa kuwa sikuwa na la kufanya isipokuwa kufikiri, nilikwenda kumwuliza daktari kijana wa hospitali habari za watoto wa namna ya Kunda. Alinieleza yaleyale ya Sista, kwa urefu zaidi. Alisema mtoto kama huyo haponi kwa kupunguziwa ngano, ni lazima ikome kabisa, kwa sababu kidogo cha kila siku kinatosha kuendeleza ugonjwa. Na hali isipobadilika mtu asikitazame chakula tu, atazame pia njia kilizopitia: chombo, mikono, na unga uliotoka nyumba nyingine. Nilimshukuru nikatoka, na maneno hayo ya mwisho yakanifuata barabarani. Unga uliotoka nyumba nyingine.

Siku chache baadaye nilikuwa jikoni na mama, asubuhi, mlango wazi, jua limeingia mpaka kwenye mitungi. Bana Mwape, ambaye sasa ni mzee lakini bado anacheka haraka, alikuja kurudisha kikapu. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akageuka, akamimina mtungini bila kutazama. Mimi nilikuwa nimesimama kando, na jua lilipita katikati ya unga ule ulipokuwa ukianguka. Unga wa muhogo ulianguka moja kwa moja, mzito. Mwingine ulibaki hewani, ukapanda, ukatua polepole kwenye mkono wa mama. Mimi ni binti wa mwoka mikate. Nilitia mkono mtungini, nikafumba ngumi, nikaifumbua, na tonge likabaki na alama za vidole vyangu, kama linavyobaki la ngano. Nikamsindikiza Bana Mwape hadi njiani.

"Bana Mwape, unga huu umechanganya?"

"Umeuona?" alisema kwa furaha. "Natia ngano kidogo, ugali unakuwa laini. Mama yako anausifu kila siku, ila hajui siri yake."

"Mnachanganya tangu lini?"

"Ai, zamani. Tangu mwaka ule wa mtoto, mama yako alipokuwa bado anatulipa ngano. Ngano ilikuwepo, muhogo ulikuwa haba, tukaona tuurefushe. Na alipotuachia tanuri ndipo tulipotia nyingi. Kikapu cha mama yako hakikurudi bila kitu cheupe. Tulimwonea huruma sana yule mtoto, alivyokuwa amekonda."

"Lakini mlijua hatakiwi kula mkate."

Alisimama akanitazama kwa mshangao, hata kwa kuumia. "Mkate hatukumpa hata siku moja, mwanangu. Watoto wetu tuliwafinya masikio wakimkaribia na mkate. Muulize mama yako."

Nilimuaga kwa heshima nikaenda kukaa ufukweni. Jibu nilikuwa nalo, baada ya miaka yote ile, na halikunipa amani niliyodhani litanipa. Sasa nilikuwa na swali jingine baya zaidi. Nikimwambia mama, atajua kwamba ngano ilipita mikononi mwake, kwamba aliimimina mwenyewe kila juma, na kwamba ilizidi siku alipotoa tanuri lake sadaka kwa ajili ya mtoto. Nisipomwambia, mwanamke mmoja huko Chienge ataendelea kubeba kifo ambacho si chake. Nilipofikiria kwenda kwa shangazi peke yangu kwa siri, nikaona nitakuwa namwomba abebe tena, safari hii akijua. Nikafikiri kwamba wote wawili ni wazee na labda wamesahau. Nikajua najidanganya. Nikafikiri ningoje nipate kazi kwanza, ningoje mvua ziishe, ningoje mama apone kifua chake. Kwa siku kadhaa nilimsaidia kupika na kila nilipofungua kinywa nilimwuliza kuhusu chumvi.

Siku moja mchana alikuwa akiparua magamba ya perege uani, mimi nikishika kisu kingine, nikamwambia. Nilimweleza yote kwa mpangilio kama mtihani, daktari, kikapu, Bana Mwape, kwa sababu niliogopa kwamba nikisimama katikati sitaendelea. Alimaliza samaki aliyekuwa mkononi. Akamsuuza, akamweka pembeni.

"Basi ni mimi niliyemimina," alisema.

"Hukujua, mama. Hakuna aliyejua. Hata Sista aliushika unga ule asiutambue."

"Sikujua," alikubali. "Na mulamu naye hakujua. Lakini mimi watu walinikumbatia, yeye walimnyima pa kukaa." Akachukua samaki mwingine. Kisha akasema, bila kunitazama, "Bana Mwape usimwambie. Mmoja wa kubeba hili ametosha."

Hakulia mbele yangu. Asubuhi iliyofuata nilikwenda peke yangu Kashikishi kwenye malori yaendayo kaskazini, nikalipa nauli, na keshokutwa yake tukaondoka, mama amevaa nguo zake za kanisa. Barabara ni ileile ya vumbi, ila sasa kuna vibanda kila kituo, na kila kibanda kina mkate. Mama alivitazama vikipita. Wakati ule ngano ilikuwa katika nyumba chache tu za ufukwe mzima na hatukuweza kuiona ilikoingilia. Sasa iko kila mahali, na mtoto mwingine kama Kunda akizaliwa leo sijui mama yake ataanzia wapi kutafuta. Angalau atakuwa na daktari wa kumwambia atazame na vikapu vinavyorudi.

Tulimkuta shangazi Chilufya nyuma ya nyumba yake, akianika muhogo juu ya mwamba. Alikuwa amekonda, hata sauti tu, alipotuitikia hodi, ndiyo iliyonijulisha kwamba ni yeye. Mama hakungoja kukaribishwa. Alipiga magoti pale vumbini, akapiga makofi ya polepole ya salamu, kama tunavyomsalimu mtu aliye juu yetu, akasema, "Si wewe, mulamu. Ni kikapu changu." Akamwambia yote. Shangazi alisikiliza akigeuza vipande vya muhogo kimoja kimoja, na mama alipomaliza aliendelea kugeuza vile vilivyobaki.

"Nilijua kwamba si mimi," alisema mwishowe. "Nilikuwa nasubiri nanyi mjue."

Alimshika mama kiwiko akamwinua. Walisimama hivyo, wakiwa wameshikana, kila mmoja akitazama upande wake. Kisha shangazi akauliza jambo ambalo mimi, kwa kufikiri kwangu kote, sikulitarajia kusikia likisemwa kwa upole hivyo.

"Mlimlaza wapi? Siku ile lori lilikuwa linaondoka. Kaburi sikuonyeshwa."

Mama alinigeukia. Basi nikamjibu mimi. Nilimwambia kwamba lori lilelile linarudi Nchelenge kesho asubuhi, na kwamba nilipolipa nauli Kashikishi, safari ya kurudi nilikuwa nimewalipia watu watatu.